Picha ya nyumba ikikuwa nzuri sana, watu wananyamaza

Kwetu Bukavu, mashariki ya Kongo, siku hizi nyumba inaanzaga kwa WhatsApp. Jiwe la kwanza halijafika, parseli (kiwanja cha kujenga) haijasafishwa hata, lakini mwenye nyumba ameshaona sebule, ameona ngazi, ameona gari ndani ya garaji na jua la jioni likiingia kwa dirisha. Mi nachora plani hapa mjini, na ArchiCAD na SketchUp, programu za kuchora nyumba, karibu kila siku kama kurani ya umeme iko, na maneno nasikiaga toka pande mbili: wazee wa kazi wanasema mashini imeua kazi, vijana wanasema bila mashini hakuna kazi. Mimi naona wote wanaongea juu ya kuchora, na kuchora njo kitu kidogo. Plani ni maneno kati ya watu: mwenye pesa, mchoraji, kapita anayesimamia kazi, masoni anayejenga, jirani wa chini. Swali ni kama mashini inasaidia hao watu kusikilizana.

Na hii si wazo langu la leo. Sketchpad, programu ya Ivan Sutherland ya 1963 kule MIT Marekani, ile ya kuchora moja kwa moja kwa kioo na kalamu ya mwanga, yeye mwenyewe aliiita mfumo wa mawasiliano kati ya mtu na mashini kwa njia ya michoro. Unachora mistari miwili ovyo, unaiambia iende sambamba, inajinyoosha. Toka siku ile ya kwanza neno lilikuwa mawasiliano.

Upande wa faida nauweka wazi, sitaki kuudharau. Waliofanya kazi na karatasi ya kalke, ile inayoonyesha upande wa pili, wanajua: mwenye nyumba akisema sogeza ukuta nusu metre, unachukua wembe unakwaruza wino polepole, ukikosea karatasi inatoboka, halafu unarudia vilevile kwa mchoro wa fasadi, ule wa sura ya mbele, na kwa kupe, ule unaoonyesha nyumba kama imekatwa na kisu toka juu mpaka chini. Leo unasogeza ukuta mara moja na vyote vinafuata, hata hesabu ya matofali kwa devi, ile karatasi ya bei, inabadilika. Lakini faida kubwa kwangu haiko hapo. Iko kwa mama mmoja wa Panzi aliyekuja na bwana yake, bwana anaangalia plani anaitika ndiyo ndiyo, mama kimya, nikageuza mashini nikamuingiza ndani ya jiko kama anatembea, hapohapo akauliza: moshi ya makala itapita wapi, na nikiwa hapa napika nitaona watoto kwa barza ao hapana? Dakika tano tu na jiko likahama upande mwingine wa nyumba. Yule mama hakuwa mjinga wa plani, plani njo ilikuwa inaongea luga asiyofunzwa. Na ndugu aliye Ubelgiji anayetuma pesa kila mwezi, bila hizi picha angekuwa anajenga na macho yamefungwa.

Sasa upande mwingine, na hapa nitakaa kidogo juu uliniuma. Parseli moja ya mlimani, metre 15 kwa 20, kichwa na miguu yake vinapitana metre 4 kwenda chini. Familia iko nje ya nchi, wanataka picha haraka, nikawapa picha: majani ya kijani, njia ya gari, nyumba imekaa kwa uwanja laini kama meza. Wakaipenda, wakaionyesha ndugu, pesa ikatoka kufuatana na ile picha. Siku ya kwanza ya shantie, ya kuanza kujenga, kapita akaiangalia kwa simu, akaangalia parseli, akaniambia pole: "Mutoto yangu, hii picha ni muzuri, lakini pale umeweka garaji ni hewa." Ukuta wa kushika udongo haukuwa kwa picha, haukuwa kwa devi, na kwa mlima kama ule ukuta huo unaweza kukula pesa ya vyumba viwili. Kosa ni langu, nalisema. Lakini najiuliza kwa nini watu wote walioona ile picha hakuna aliyeuliza mlima uko wapi, na jibu ni kwamba ilikuwa imeisha sana. Kitu kilichoisha watu wanakisifu, hawakigusi tena.

Na ile ardhi laini ilitoka wapi? Nilichukua urefu wa mlima kwa data za bure za SRTM, zile chombo cha anga Endeavour kilipima na rada Februari 2000. Kazi kubwa, kwa ramani ya bonde zima ao kujua maji ya mvua yanashuka upande gani wa Kadutu inatosha na inasaidia sana. Lakini kila kipimo chake kinabeba mraba wa karibu metre 30 kwa 30, yaani parseli tatu kama ile zinaingia ndani ya namba moja! Mashini ikapewa namba moja, ikanipa uwanja laini, haikunidanganya, ilirudisha kile nilichoipa. Kapita yeye alitumia tuyo ya plastiki (mpira wa maji) yenye maji, juu maji yanasimama usawa mmoja pande zote mbili, vijiti, kamba na kijana mmoja wa kushika upande wa pili, na mbele ya saa sita tulikuwa na urefu wa kila kona kwa santimetre. Jioni nikaingiza zile namba kwa SketchUp, na kwa mara ya kwanza mlima ukaonekana. Vitu viwili hivyo havigombani, bila tuyo mashini ilikuwa kipofu, bila mashini namba za kapita zingebakia kwa karatasi ya mfuko wa simenti na familia isingeelewa kwa nini pesa inaongezeka.

Kuna pia madogo yanayoharibu. Plani ya A3 kwa kipimo cha 1/100, yaani santimetre moja kwa karatasi ni metre moja kwa parseli, kijana wa sekretaria, pale tunatoaga karatasi, anaitoa kwa A4 juu ndiyo karatasi iko nayo, mashini inaibana yenyewe, masoni anaweka rula: ukuta wa metre 4 anausoma metre 2 na santimetre 83. Namba za vipimo zingemuokoa, lakini picha imepita kwa WhatsApp, imepunguzwa, namba zimekuwa mavumbi. Tumeni PDF kama dokima (document), msitume kama picha, na namba ziandikwe kubwa.

Ndugu mmoja kijana wa kazi hii hakubaliani na mimi. Anasema nikipeleka mchoro wenye mistari ya mkono, mteja ataenda kwa mwengine mwenye picha inayong'aa, na sasa wateja wanakuja na picha zilizotengenezwa na akili mnemba kwa simu, wanasema nataka hii. Ana haki, nimeshapoteza kazi mbili hivyo. Lakini SketchUp yenyewe iko na mtindo wa kuonyesha mistari kama ya kalamu, na nimeona na macho yangu: nyumba ileile, picha inayong'aa inaleta "asante sana papa", ile ya mistari inaleta maswali kumi.

Kwa hiyo nimegawanya. Kwanza nashuka parseli na kapita na tuyo. Halafu natuma kupe ya mlima pamoja na mchoro wa mistari, nangoja maswali ya familia yote, na mama wa nyumba namuomba aongee wa kwanza. Ile inayong'aa naitoa kisha ukuta wa udongo umekubaliwa na uko ndani ya devi, na bei yake naisema mbele ya kufungua mashini. Ile familia ya garaji ya hewani tuliendelea nayo. Gari inalala juu kwa barabara, na chini, pale nilikuwa nimechora garaji, mama yao alipanda maharagi.