Mambo 21 ya kukariri kabla ya kidato cha kwanza

Neno "kukariri" limeharibiwa jina katika skuli zetu. Tangu mitaala ianze kuzungumzia umahiri, mwalimu anayewasomesha watoto jedwali la kuzidisha kwa ghibu huonekana mtu wa zamani.

Wanaompinga wana hoja nzito. Wapo wanaoingia kidato cha kwanza wakiandika −3 − 5 = 8, kwa kuwa waliambiwa "hasi na hasi ni chanya" wakaibeba kanuni bila kujua kuwa ni ya kuzidisha na kugawanya. Wengine hujumlisha 1/2 na 1/3 wakapata 2/5: kiasi kwa kiasi, asili kwa asili. Hapo kilichokosekana ni maana. Mtoto wa Pemba aliyeona karafuu zikipimwa kwa pishi anaweza kuonyeshwa kuwa pishi ni vibaba vinne, kwa hiyo nusu pishi na robo pishi ni vibaba vitatu, yaani robo tatu. Akishaliona hilo, kutafuta asili moja hakumtishi.

Sasa mpeni 5/12 + 3/8. Maana anaijua, lakini anahitaji kigawe kidogo cha shirika cha 12 na 8. Anayejua vigawe vyake huiona 24 papo hapo, akaandika 10/24 + 9/24, jibu 19/24. Asiyevijua huanza kuhesabu kwa vidole, na akifika 24 ameshasahau alikuwa akitafuta nini. Akili haiwezi kushika hesabu ndogo na wazo kubwa kwa wakati mmoja. Ndivyo anavyokwama pia kwenye x² + 5x − 24 = 0, inayodai namba mbili ambazo zikizidishwa ni −24 na zikijumlishwa ni 5. Ni 8 na −3. Mwalimu atadhani mwanafunzi haelewi aljebra, kumbe hajui nane mara tatu.

Mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne umekuwa na maswali 14 kwa saa tatu, bila kikokotoo. Kila swali halifikii dakika 13, na humo kuzidisha kunarudi tena na tena.

Na mzigo wenyewe ni mdogo kuliko unavyoogopwa! Jedwali la 1 hadi 10 lina majibu 100. Kwa kuwa 3 × 8 na 8 × 3 ni kitu kimoja, yanabaki 55. Toa ya 1, 2, 5 na 10, ambayo watoto huyashika mapema, yanabaki 21 tu. Sita kati ya hayo ni ya 9, na tarakimu za kila jibu lake hujumlishwa zikawa 9: 27, 36, 54, 63, 72, au 81 ya tisa mara tisa. Yanayobaki ni 15. Matatu kwa wiki, wiki saba zinatosha kwa yote 21.

Kinachoharibu ni namna ya kukaririsha. Darasa likiimba "saba mara moja saba" kwa mpangilio, mtoto hupata wimbo, na ukimuuliza saba mara nane huanza tena kutoka mwanzo. Chuoni tunajua dawa yake: anayehifadhi Kurani hupimwa kwa kuanzishiwa aya katikati ya sura, naye aendelee. Jedwali lipimwe vivyo hivyo, kwa kurukaruka, dakika kumi mwanzoni mwa kipindi. Darasa likiwa kubwa, wanafunzi waulizane wawili wawili kwa vikaratasi, na aliyekosea aulizwe lile lile kesho yake, kisha wiki ijayo. Asiyekumbuka 8 × 7 aongozwe kwa maana: 4 × 7 ni 28, mara mbili yake 56. Hapa pande zote mbili zinakutana.

Kuna na suala la lugha. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ilielekeza Hisabati ifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto aliyehifadhi "hamsini na sita" kwa Kiswahili hulazimika kuitafsiri kila anapoihitaji, kwa hiyo majibu yale 21 yarudiwe kwa lugha zote mbili.

Kisha aulizwe kinyume: 56 ni ngapi mara ngapi? Kwa njia hiyo ndiyo atakayoulizwa kidato cha pili.