Bis!

Kireno changu kilikuwa bado cha kuombea maji nilipokubali, kwa kiherehere changu tu, kuwasaidia wanamuziki wawili katika ukumbi mdogo wa Rio de Janeiro: mama mmoja wa fidla na mzee mmoja wa selo, ile fidla kubwa inayokumbatiwa kwa magoti huku imesimama sakafuni kwa mguu wa chuma. Kazi yangu ilikuwa kupanga viti na kuangalia kwamba karatasi za nota zimefika mahali pake kwa wakati.

Muda mfupi kabla ya kuanza, mzee alipekua mkoba wake, akaniambia, "Mwanangu, Bis sinayo hapa. Uniletee mwishoni." Nikaitikia kwa adabu. Neno hilo nililijua kuliko neno jingine lolote la Kireno, kwa kuwa ndilo jina la vile vibiskuti vya chokoleti vinavyouzwa kwa boksi kote Brazil, ambavyo mara nyingi ndivyo vilivyokuwa chakula changu cha usiku. Nikadhani labda mzee hushukiwa na sukari. Nikatoka mbio hadi duka la jirani, nikanunua boksi kwa fedha yangu mwenyewe.

Kumbe alikuwa akisema juu ya Chôros bis, vipande viwili vifupi ambavyo Heitor Villa-Lobos, mzaliwa wa Rio hiyohiyo na mpiga selo mwenyewe, alivitunga mwaka 1928 kwa fidla na selo peke yake. Wakati huo alikuwa katika mfululizo wake wa Chôros, uliotokana na muziki wa mitaani wa mji wake, na hivi viwili akavifanya nyongeza. "Bis" ndilo neno ambalo watazamaji hulipazia sauti wanapotaka kuongezewa.

Hayo niliyajua baadaye. Usiku ule, kipande cha mwisho cha ratiba kilipokwisha, ukumbi mzima ulisimama na kupiga kelele: "Bis! Bis!" Nilistaajabu kidogo, maana boksi lilikuwa moja na watu walipita sitini, lakini mgeni atabishana na nani? Nikatembea hadi katikati ya jukwaa, nikalifungua boksi, nikaliegemeza pale penye kukaa nota za mzee, nikainama kwa heshima.

Kelele zikakatika. Mama wa fidla aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Mzee aliviangalia vibiskuti juu ya miwani yake, akauliza kwa upole, "Mwanangu, hivi nianze kuvipigia wapi?" Kisha akala kimoja, akajifuta vidole taratibu kwa leso, kimoja baada ya kingine, ili chokoleti isije ikagusa nyuzi, wakati mimi nimekwisha kukimbilia nyuma kutafuta karatasi.

Walipiga vyote viwili, nyuzi zikipigwa mbilimbili kwa pamoja hata ungeapa kwamba wapigaji ni wanne. Walipomaliza, watu walisimama tena wakipaza sauti, "Bis! Bis!", na safari hii walikuwa wakinitazama mimi.