Karibu ujikinge

Mvua za masika zikianza Machi, jamaa zangu wa Dar es Salaam huahirisha safari zote za kuja huku Lushoto, kwenye milima ya Usambara. "Tutapanda mvua zikiisha," wanasema, na kweli wanapanda Julai, wakati baridi ya huku inakata mifupa. Wanapiga picha pale Irente, wananunua karoti, wanashuka. Mimi naona wanakosea majira. Wakati mzuri wa kuzitembea njia za Usambara ni huuhuu wa mvua.

Sina nia ya kuipamba mvua. Wiki nzima ya kukaa ndani huku milimani ni adhabu: nguo hazikauki, nyumba inaanza kunuka uvundo, umeme unakatika, na mwenyewe unanuna bila kugombana na mtu. Dawa yangu ni kutoka. Siendi mbali. Siku nyingine naishia sokoni, siku nyingine napanda gari hadi Soni kuyatazama maporomoko, ambayo kiangazi ni mchirizi tu lakini masika yananguruma na maji yake yana rangi ya chai ya maziwa. Nikiwa na muda, naenda Irente kwa miguu.

Njia ya Irente kutoka mjini ni kilomita sita hivi. Unapita katikati ya migomba na mashamba ya mahindi yaliyobebwa na miteremko, ukungu umekaa hadi usawa wa magoti, manyunyu hayakatiki. Watoto wa shule wanakupita mbio, kila mmoja na jani la mgomba kichwani, madaftari yamefichwa ndani ya sweta. Halafu unafika kwenye mwamba na ardhi inakwisha ghafla. Chini kabisa, karibu mita elfu moja, ni Mazinde na mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari. Na mara nyingi huko chini jua linawaka! Upepo wa Bahari ya Hindi ukikutana na milima hii hulazimika kupanda, ukipanda unapoa, na unyevu wake wote unamwagika juu yetu. Ukifika nyika ya upande wa pili hauna cha kuwapa wenzetu. Unasimama pale umelowa chapachapa, ukiwatazama watu ambao saa hiyohiyo wanatafuta kivuli.

Lakini nikisema ukweli, mandhari siyo inayonitoa nyumbani.

Kiangazi, mtu anayetembea vijijini bila jembe wala mzigo anaonekana hana kazi. Watu watamsalimia, hilo halikosi, kisha kila mmoja ataendelea na lake. Mvua ikishuka kwa nguvu, mtu huyohuyo anaitwa kutoka kila baraza: "We kaka, karibu ujikinge, utaugua bure!" Hakuna anayekuuliza umetoka wapi wala unamtafuta nani. Unasogezewa kigoda, kuku wanasogezwa pembeni, na muda si mrefu kikombe cha chai ya tangawizi kinakufikia mkononi. Mvua inapiga bati kiasi kwamba hakuna anayeweza kuzungumza, kwa hiyo mnakaa tu mnaitazama. Ikipungua ndipo maneno yanapoanza: lori la hoho limenasa, bei Dar imeshuka, mtoto wa fulani kafaulu. Nimejuana na majirani wengi kwa njia hii kuliko kwa harusi na misiba.

Ni katika baraza moja ya namna hiyo nilipomsikia mzee akieleza jinsi watawala wa zamani wa Usambara wa ukoo wa Kilindi, akina Kimweri wa Vuga, walivyoaminika kuwa na uwezo juu ya mvua. Mtawala mwenye nguvu aliiponya nchi, na ukame ukizidi ilikuwa hoja dhidi yake. "Siku hizi tunamlaumu nani?" mzee aliuliza, akacheka peke yake.

Najua ninatembea kwa hiari. Yule mama anayepanda mlima na tenga la kabichi kichwani, udongo mwekundu ukiteleza chini ya kandambili zake, hatembei kutafuta faraja, na akinipita ninampisha njia. Najua pia mvua hizi huporomosha udongo, na barabara ya Soni kwenda Mombo haikosi kufunikwa na mawe. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya mvua kubwa, ile ya kuzidi milimita 50 kwa saa 24, nakaa nyumbani na kununa kwangu. Ukaidi wangu una mipaka.

Kwa siku za kawaida za manyunyu na rasharasha, mahitaji ni machache. Gamboti ni lazima. Raba zitabaki kwenye tope. Mwamvuli uache, upepo wa huku utaugeuza nje ndani kabla hujavuka daraja, chukua koti. Simu ndiyo tabu. Zamani tuliifunga kwenye rambo, lakini tangu Juni 2019 mifuko hiyo imepigwa marufuku, kwa hiyo mimi huweka yangu kwenye kopo la siagi lenye mfuniko, na watu wanacheka kila nikilifungua kupokea simu. Beba pia sukari robo au majani ya chai mfukoni. Hutaombwa, ila barazani kwa watu utaona aibu kwenda mikono mitupu mara ya pili.

Jamaa zangu wa Dar wameniambia tena watakuja Julai. Nimewajibu kwamba Aprili vyumba vya wageni ni rahisi kupata, na kwamba gamboti zinauzwa palepale sokoni.