Mota za Supakondakta: Hoja si Kuokoa Umeme

Kila ninapokuta habari za mota zilizosukwa kwa supakondakta, yaani maada ambazo zikipozwa vya kutosha hupitisha umeme bila ukinzani, sifa ya kwanza kutajwa ni kwamba mota hizo hazipotezi umeme. Kwa maoni yangu sifa hiyo imetangulizwa bila kustahili. Mota kubwa ya viwandani iliyosukwa kwa shaba tayari hugeuza zaidi ya asilimia 95 ya umeme wake kuwa mzunguko. Kinachobaki cha kuokolewa ni kidogo, na sehemu yake humezwa na mtambo wa kupoza.

Faida yenyewe imo katika sumaku. Chuma cha ndani ya mota hushiba, yaani hakiongezeki sumaku kwa urahisi, kikikaribia tesla 2 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku), na waya wa shaba ukibebeshwa mkondo kupita kiasi hupata moto hadi vanishi yake ikaungua, kwa harufu ambayo kila fundi wa kusuka mota anaijua. Koili ya supakondakta hubeba mkondo mkubwa mara nyingi zaidi katika nafasi ileile, na uga wake wa sumaku huwa na nguvu kiasi kwamba chuma kingi huweza kuondolewa. Mota ya meli ya megawati 36.5 ambayo American Superconductor na Northrop Grumman waliiundia Jeshi la Wanamaji la Marekani, ikamaliza majaribio ya nguvu zote mwanzoni mwa 2009, ilikuwa na uzito wa takriban tani 75, chini ya nusu ya mota ya kawaida ya uwezo huo.

Vikwazo navyo ni vya kweli. Utepe wa supakondakta unaosukwa kuwa koili leo una upana wa milimita chache, na tabaka la kauri linalopitisha mkondo lina unene wa takriban mikroni moja tu (sehemu ya elfu ya milimita), hivyo ukikunjwa kwa pembe kali tabaka hilo hupasuka na utepe hauna kazi tena. Isitoshe, mkondo geu, yaani unaobadili mwelekeo kila mara, huzalisha joto hata ndani ya supakondakta, ndiyo maana wasanifu wengi huiweka kwenye rota, sehemu inayozunguka, ambako mkondo haubadili mwelekeo, na kuiachia stata, sehemu isiyozunguka, shaba yake. Kuondoa wati 1 ya joto kwenye nyuzi −196 za Selsiasi hugharimu wati kumi au zaidi za umeme.

Kwa hiyo sioni sababu ya kuipeleka teknolojia hii kwenye gari dogo, sembuse pampu ya maji. Mahali pake ni kwenye meli, na pengine kwenye ndege: Airbus walianza mradi wa ASCEND mwaka 2021 wakilenga ndege inayobeba hidrojeni kimiminika, ambayo kwa kuwa iko kwenye nyuzi −253, ingepoza mota kabla ya kutumika kama mafuta. Lakini ndege hiyo itadai stata nayo iwe ya supakondakta ili uzito upungue vya kutosha, na ningekuwa mgawaji wa fedha za utafiti, ningezielekeza kwenye utepe unaostahimili mkondo geu kabla ya kugharimia mota nyingine ya maonyesho.