Majaribio ya Klabu za Lakrosi za Vijana: Nafasi Ngapi Ziko Wazi Kweli?

Kila ifikapo Julai na Agosti, klabu za lakrosi za vijana katika jimbo la Maryland na maeneo jirani hutangaza majaribio ya kuunda vikosi vya msimu unaofuata, na matangazo mengi hubeba kauli ileile: wachezaji wote wanakaribishwa, wapya na wa zamani. Wazazi ambao hawakukulia katika mchezo huu, wakiwemo Wakenya, Watanzania na Wakongomani waliohamia kati ya Baltimore na Washington, huichukua kauli hiyo kama ilivyoandikwa. Hulipa ada ya majaribio, hununua vifaa na kumpeleka mtoto uwanjani, kisha baada ya siku chache hupokea barua pepe fupi ya kumshukuru mtoto kwa kushiriki. Lawama huanzia hapo: kwamba vikosi vilikwisha kupangwa, na kwamba majaribio yalikuwa maigizo yenye kiingilio. Klabu hukana, na nyingine hukana kwa dhati. Nimezisikiliza hoja za pande zote mbili, na naona kwamba ubishi kuhusu kama mlango uko wazi au umefungwa hautatupeleka mbali, kwa kuwa jibu hutegemea umri wa mtoto, kikosi anachokiwania, na idadi ya nafasi ambayo klabu inaijua na mzazi haijui.

Kwa asiyeufahamu mchezo wenyewe, lakrosi huchezwa kwa fimbo yenye wavu kichwani, ambayo mchezaji huitumia kudaka, kubeba na kurusha mpira mdogo mgumu wa raba. Wavulana hucheza 10 kwa kila upande na wasichana 12. Asili yake ni mataifa ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, hasa Wahaudenosaunee, ambao hadi leo huuheshimu kama mchezo wenye maana ya kiroho. Maryland iliutangaza rasmi kuwa mchezo wa timu wa jimbo mwaka 2004, na makao ya shirikisho la taifa, USA Lacrosse, yako Sparks, kaskazini ya Baltimore. Watoto huucheza kwa ngazi mbili. Kuna timu za mitaa na kaunti, ambazo humpokea kila anayejiandikisha, na kuna klabu zinazosafiri kwenda kwenye mashindano ya mbali, ambazo huchuja wachezaji na ambazo ada yake ya mwaka huhesabiwa kwa maelfu ya dola, kabla mzazi hajalipia hoteli na mafuta. Mzozo unahusu ngazi hii ya pili.

Anayetaka kuelewa kwa nini mtoto mgeni hushindwa mapema, na aende akasimame pembeni ya uwanja siku ya majaribio. Kila mtoto huvishwa fulana yenye namba ili makocha wahukumu mchezo na si jina, lakini walioichezea klabu mwaka uliopita huja na helmeti za rangi ya klabu, kwa hiyo namba haimfichi mtu. Zoezi la kwanza mara nyingi ni la mpira wa chini: kocha huuviringisha mpira na watoto wawili huukimbilia. Aliyefundishwa hukunja magoti, hushusha mkono wa nyuma karibu na nyasi na kuuchota mpira bila kupunguza mwendo. Mgeni, hata akiwa na mbio kumshinda, hufika wa kwanza, husimama juu ya mpira, na kuanza kuuparuza kwa fimbo mpaka mwenzake amnyang'anye. Kisha huja pasi, na baada ya muda kocha huamuru wote wahamie mkono wa kushoto. Hapo mipira huanza kudondoka, na wanaoidondosha karibu wote ni walewale. Sioni hila yoyote katika zoezi hili. Ustadi wa mikono yote miwili hupatikana kwa kupiga mpira ukutani kwa miezi na miezi, na hakuna kocha anayeweza kuupuuza kwa huruma tu.

Hoja za klabu, basi, zina uzito kuliko walalamikaji wanavyokiri. Kocha aliyemwona mtoto mwaka mzima, katika mvua na joto, katika mechi za ushindi na za kipigo, ana ushahidi mwingi kuliko unaoweza kukusanywa kwa jioni mbili za majaribio. Kumtema mtoto huyo kwa sababu mgeni mmoja aling'aa usiku mmoja kungekuwa dhuluma ya aina nyingine, na wazazi wake ndio wangekuwa wa kwanza kupiga kelele. Kuna pia suala la usalama. Katika lakrosi ya wavulana kupigana kumbo huruhusiwa kadiri umri unavyopanda, na mpira ule ukimpata mtoto kifuani kwa wakati mbaya unaweza kuusimamisha moyo. Ndiyo sababu tangu 2022 wachezaji wa uwanjani wametakiwa kuvaa kinga za kifua zilizotimiza kiwango maalumu. Kumtupa kijana wa miaka 14 asiyejua kujikinga katikati ya wenzake waliokwisha kukomaa si ukarimu.

Tena, nafasi za kweli huwapo. Familia huhama, watoto huacha lakrosi kwa ajili ya soka au mpira wa kikapu, na golikipa hutafutwa karibu kila mahali, kwa kuwa ni watoto wachache wanaotamani kusimama mbele ya mpira wa aina ile. Mgeni mwenye moyo wa kukaa golini, au mwenye miguu myepesi anayekubali kufundishwa ubeki kwa fimbo ndefu, ana tumaini kubwa kuliko yule anayetaka kushambulia, kwa sababu nafasi za mbele ndizo zinazodai mikono iliyozoea fimbo tangu utotoni. Na kwa watoto wa miaka 8 au 9, tofauti kati ya mgeni na mwenyeji bado ni ndogo, hivyo neno la klabu kwamba wote wanakaribishwa huwa kweli bila kupunguza kitu.

Upande wa pili unaanzia pale hesabu inapofichwa. Klabu nyingi huwapa wachezaji wao wa zamani ahadi ya nafasi kabla ya siku ya majaribio, jambo ambalo si kosa kwa lenyewe. Tuchukulie kikosi cha watoto 22 ambacho 18 kati yao wamekwisha kuhakikishiwa. Zimebaki nafasi 4. Wakija watoto 60 na kila mmoja akalipa ada, klabu imekusanya fedha kutoka kwa wengi ambao haikuwa na pa kuwaweka, na imefanya hivyo ikijua. Mzazi mwenyeji, ambaye jirani yake ni kocha msaidizi, anaijua hesabu hiyo na humpeleka mwanawe mahali pengine. Mzazi mgeni haijui, naye ndiye anayelipa. Ujinga huu hauwaangukii watu wote sawa, na hapo ndipo ninapoona malalamiko yana haki.

Klabu hujibu kwamba idadi haiwezi kutajwa kwa sababu baadhi ya wachezaji hukataa nafasi walizopewa, na kwamba kuitaja kungewakatisha tamaa watoto wenye vipaji ambao wangeweza kumshangaza kocha. Jibu hilo lina chembe ya ukweli, lakini haliondoi wajibu. Anayejua kwamba nafasi ni kati ya 3 na 6 anaweza kuandika hivyo, na aliye na kikosi kilichojaa anaweza kusema kimejaa na kwamba majaribio ni ya orodha ya akiba. Kipaji cha kushangaza hakitazuiwa na ukweli.

Lipo jambo jingine ambalo walalamikaji hulisahau kwa sababu haliwaudhi mara moja. Katika klabu kubwa zenye kikosi cha kwanza, cha pili na cha tatu kwa kila umri, mgeni mara nyingi hachujwi kabisa. Hupokelewa kwa furaha, tena upesi, katika kikosi cha tatu. Analipa ada ileile au inayokaribiana nayo, lakini hupangiwa kocha mchanga zaidi na mashindano madogo zaidi, huku ada yake ikisaidia kuiweka klabu hai. Mzazi aliyefurahi kwamba mwanawe amechaguliwa hugundua mwaka unaofuata kwamba kupanda kutoka cha tatu hadi cha kwanza ni nadra kuliko kuingia kutoka nje. Kwa maoni yangu hili ni zito kuliko barua ya kukataliwa, kwa sababu aliyekataliwa huachiwa fedha zake aende nazo kwenye timu ya kaunti, ambako pengine angecheza dakika nyingi zaidi na kujifunza zaidi.

Umri nao una mtego wake. Klabu nyingi hupanga vikosi kwa mwaka ambao mtoto atamaliza sekondari, si kwa mwaka wa kuzaliwa, na baadhi ya familia huamua kumrudisha mtoto darasa ili awe mkubwa kuliko wenzake wa kikosi. Kwetu kurudia darasa ni aibu inayofichwa hata kwa shangazi. Huku unaweza kukutana na mzazi anayeieleza kama mkakati. Matokeo yake ni kwamba mgeni wa miaka 12 anaweza kujikuta akishindana na kijana anayekaribia miaka 14, na hakuna tangazo linalomwonya kuhusu hilo.

Wanaotetea mfumo husema haya yote yanatokana na vyuo, kwa kuwa njia ya kuonekana na makocha wa vyuo hupitia katika mashindano ya klabu wakati wa kiangazi. Ni kweli kwa sehemu. Kulikuwa na wakati ambapo watoto wa darasa la nane walikuwa wakitoa ahadi kwa vyuo, hadi NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, ilipopitisha mwaka 2017 kanuni ya kuwazuia makocha wa lakrosi kuwasiliana na mchezaji kabla ya Septemba 1 ya mwaka wake wa tatu wa sekondari. Kanuni hiyo ilimwongezea muda anayechelewa kuanza. Hata hivyo, klabu nyingi zimeendelea kuchuja mapema kana kwamba haikupitishwa.

Historia ya mchezo wenyewe haiungi mkono imani kwamba aliyechelewa amekosa. Jim Brown, aliyezaliwa Georgia na baadaye kuwa nyota wa futiboli ya Kimarekani, aliijulia lakrosi Manhasset, Long Island, akakichezea Chuo Kikuu cha Syracuse na kuhesabiwa miongoni mwa wachezaji bora wa wakati wote. Mwaka 1975 Chuo Kikuu cha Morgan State cha Baltimore, chuo cha kihistoria cha Wamarekani weusi ambacho wachezaji wake wengi waliishika fimbo wakiwa wakubwa, kiliishinda timu ya Chuo Kikuu cha Washington and Lee 8 kwa 7, timu ambayo wakati huo ilikuwa kileleni mwa orodha ya ubora. Lakini tuangalie waliingilia wapi: shuleni na chuoni, ambako hakuna aliyewatoza ada ya kujaribiwa. Harlem Lacrosse ya New York imejengwa juu ya wazo hilohilo, kwa kuupeleka mchezo ndani ya shule za watoto ambao wazazi wao wasingeweza kulipia klabu.

Kwa hiyo mzazi anayeniuliza kama ampeleke mtoto wa miaka 9 kwenye majaribio, namwambia aende bila hofu. Wa mtoto wa miaka 13 ambaye hajawahi kushika fimbo, namshauri aanzie timu ya kaunti majira ya kuchipua, na kiangazi kikifika aiulize klabu kwa maandishi, kabla ya kulipa, nafasi ni ngapi na katika kikosi kipi, na kama ada hurudishwa kikosi kikiwa kimejaa. Akizungushwa kwa maneno, abaki na fedha zake: shule za sekondari za umma hufungua majaribio yao mwanzoni mwa Machi bila kiingilio, na ingawa hata huko waliotoka klabu hutangulia, nyingi zina kikosi cha chini kwa ajili ya wanaojifunza.