Farasi Hakukimbia Ovyo, Alikuwa Kazini

Nimeulizwa na watu wengi, wakiwemo shangazi zangu wa Bombo ambao hawajapata kujali ninafanya kazi gani, kama ni kweli kwamba Jumamosi iliyopita niliingia uwanjani juu ya farasi katikati ya mechi, nikafunga bao, kisha nikaning'inia golini kama popo. Ujumbe wa sauti mnaorushiana ni wa swahiba wangu mwenye bodaboda, ambaye siku hiyo alikuwa pembeni mwa uwanja akitafuna muwa, na ambaye tangu tufahamiane hajawahi kusimulia jambo likabaki na ukubwa wake. Anasema farasi alishikwa na wazimu. Neno hilo linaniuma kuliko mbavu zangu. Sultani, farasi huyo, hakuwa na wazimu hata chembe. Alikuwa akitekeleza zoezi nililomfundisha mwenyewe, tena kwa nidhamu ambayo sijaiona kwa mteja yeyote anayelipa ada pale jimu ninapofundisha.

Mnaonifuata tangu mwanzo mnamjua Sultani na zizi lile la karibu na Mto Naili, na mnajua nilivyomhubiria mwenye zizi mpaka akaniruhusu nimwandae farasi huyo kwa mbio za masafa marefu. Hoja yangu ilikuwa kwamba moyo ni moyo, na kwamba mwili, uwe wa mtu au wa mnyama, hujijenga kulingana na kazi unayopewa, mradi kazi iongezwe kidogo kidogo na mapumziko yaheshimiwe. Nilimtajia Milo wa Kroton, mpiga mieleka wa Ugiriki ya kale ambaye husimuliwa kwamba alimbeba ndama kila siku hadi ndama akawa fahali. Nilimtajia kijana wetu wa Uganda, Joshua Cheptegei wa Kapchorwa, aliyekimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11 huko Valencia mwaka 2020. Kisha nikamfafanulia mazoezi ya vipindi, ambayo kocha Woldemar Gerschler na daktari Hans Reindell waliyapanga kitaalamu mjini Freiburg, Ujerumani, katika miaka ya 1930: mkimbiaji hukimbia masafa mafupi kwa kasi mpaka moyo ukaribie mapigo 180 kwa dakika, hupumzika hadi yashuke kufikia 120, ndipo huanza tena. Mwenye zizi alisikiliza yote hayo kwa adabu, halafu akaniuliza kama nimewahi kukaa juu ya farasi anayekwenda shoti. Nilimjibu kwamba nadharia ni ileile, na jibu hilo lilimridhisha mmoja wetu.

Msaidizi niliyepewa alikuwa saisi mkuu, yaani mkuu wa watunza farasi, mzee aliyestaafu jeshini, ambaye Kiswahili chake ni cha kambini na uvumilivu wake ni wa mtu aliyewahi kufundisha kuruta kupiga kwata. Siku ya kwanza alinikuta na daftari nikikokotoa mapigo ya juu ya moyo kwa ile kanuni yetu ya jimu ya kutoa umri kutoka 220. Kwangu mimi wa miaka 41 inaleta 179. Mzee alinieleza kwamba moyo wa Sultani ukiwa umetulia hupiga mara 30 na kitu tu kwa dakika, na akienda shoti hupita 200, kwa maana farasi wengi hufikia kati ya 220 na 240, na kanuni hiyo ya umri ni ya watu, si ya farasi. Alipoona bado natoa umri wa farasi kwenye 220, alinitazama kwa huruma akasema, "Mwalimu, huyu hapigi kura. Umri wake unakusaidia nini?"

Nilikubali kuiacha kanuni, lakini kipenga changu sikukiacha. Pale jimu kila mtu anajua kwamba mlio mmoja ni kuanza na milio miwili ni kupumzika, na sikuona sababu ya Sultani kuwa na sheria zake peke yake. Mlio mmoja, tunakwenda kasi. Milio miwili, tunatembea na karoti inatolewa. Mzee alitikisa kichwa. "Farasi si kuruta, mwalimu," aliniambia. Nilidhani ananionya kwamba mnyama hataelewa, na nikamwomba awe na subira. Akamalizia, "Kuruta husahau."

Basi Sultani alielewa upesi kuliko nilivyotarajia, na baada ya muda mfupi alikuwa akisimamisha masikio hata mtoto wa jirani alipopiga mluzi kumwita mbwa wake. Nililiandika hilo katika daftari chini ya kichwa cha Mafanikio.

Sasa kabla hamjaniuliza tulikuwa tukitafuta nini karibu na uwanja wa mpira, naomba mnisikilize, kwa sababu hapa ndipo sayansi ilipotufikisha. Moyo wa farasi hupata nguvu ndani ya majuma, lakini kano na mifupa ya miguu huhitaji miezi mingi, kwa kuwa kano hupata damu kidogo na hujijenga kwa taratibu zake zenyewe. Huo ndio mtego: farasi huonekana yuko tayari, pumzi anayo, hamu anayo, kumbe miguu bado iko nyuma, na ukimkimbiza kwenye murramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, unamvunja. Kwa sababu hiyo tulimtembeza kwa muda mrefu kabla ya kumruhusu kasi yoyote, na mazoezi ya vipindi tuliyafanya kwenye nyasi tu. Katika eneo lile nyasi zilizo sawasawa, zisizo na mashimo ya fuko, zipo mahali pamoja, nako ni kandokando ya uwanja wa shule.

Jumamosi hiyo uwanjani kulikuwa na mechi ya vijana wa bodaboda dhidi ya wauzaji wa sokoni, wakiwa sare ya bao 1-1. Nilipaswa kurudi. Lakini Sultani alikuwa amepasha misuli vizuri, mimi nilikuwa nimevaa fulana mpya yenye maandishi ya jimu kifuani, na watazamaji walikuwa wengi. Nikaona tupite tu, kwa mwendo wa kutembea, tukiwapungia watu mkono. Mzee alibaki nyuma na mfuko wa karoti.

Hapa naomba niende polepole, kwa sababu swahiba wangu ameipita sehemu hii kwa pumzi moja, ilhali mimi niliishi ndani yake muda mrefu sana.

Beki wa sokoni alimchezea rafu winga wa bodaboda. Mwamuzi alipuliza kipenga: mlio mmoja, mrefu, safi, mzuri kuliko wowote niliowahi kuupuliza mimi. Masikio ya Sultani yalisimama. Mnyama huyu huhifadhi akiba kubwa ya chembe nyekundu za damu katika bandama, na anapoanza mbio bandama hujikamua na kuimwaga akiba hiyo mwilini, hata sehemu ya chembe hizo katika damu ikapanda kutoka kama asilimia 40 hadi kupita 60. Nilikuwa nimesoma jambo hilo mara nyingi. Siku hiyo naapa nililihisi chini ya tandiko. Kilichofuata ni kwamba uwanja, ambao ulikuwa kulia kwangu, ukawa mbele yangu, na watazamaji waliokuwa wameketi mstarini wakawa hawapo.

Sikupoteza akili, na hilo nataka liandikwe. Nilijua dawa: milio miwili. Kipenga changu kilikuwa kinaning'inia shingoni, nikakidaka, nikakiweka katikati ya meno. Wakati huohuo Sultani aliongeza kasi, na taya zangu zikafunga zenyewe.

Sikilizeni sasa. Farasi hupumua kwa pua peke yake, hana uwezo wa kuvuta hewa kwa mdomo, na akiwa shoti pumzi yake hufungamana na hatua zake, hatua moja pumzi moja, zaidi ya mara 100 kwa dakika. Mimi hupumua kwa mdomo, hasa nikiogopa, na mdomoni mwangu kulikuwa na kipenga. Kila kwato zilipotua, kitako changu kiligonga tandiko, hewa yote iliyokuwa kifuani ikatoka, na kipenga kikalia. Pii. Kisha hatua nyingine. Pii. Kisha nyingine. Pii. Milio ilitoka mmoja mmoja, ikiwa imepangwa kwa usawa wa ajabu, na kila mmoja, kwa sheria niliyoitunga mwenyewe, ulikuwa na maana moja tu kwa Sultani: anza. Kadiri alivyoongeza mbio ndivyo nilivyohema, na kadiri nilivyohema ndivyo alivyotii.

Ninyi mnaoniandikia "si ungekitema tu", ningependa kuwaona mkitema chochote mkiwa kwenye kilomita 45 kwa saa. Kwa mwendo huo mita 100 huisha kwa sekunde 8, wakati Usain Bolt huko Berlin mwaka 2009 alihitaji 9.58, naye hakuwa na mtu wa kilo 82 mgongoni akimpulizia kipenga.

Wachezaji nao walikuwa vijana wenye adabu ya mpira. Waliposikia mlio walisimama. Waliposikia mwingine walitazamana. Waliposikia wa tatu, mmoja aliinua mikono kuonyesha kwamba hajamgusa mtu. Mpira ulikuwa umewekwa chini tayari kwa adhabu. Ukwato wa Sultani uliupitia, mpira ukatangulia mbele yetu kuelekea goli la sokoni, sisi tukiufuata, kipenga kikishangilia. Kipa, kijana mwenye mwili ambaye siku za kawaida huuza matoke, aliutazama mpira, akanitazama mimi, akachagua kuwaona wanawe tena. Mpira ukaingia. Goli lile halina nyavu, Mungu ashukuriwe, kwa hiyo Sultani naye akaingia na kutokea upande wa pili bila shida, kwa kuwa urefu wake unapita vizuri chini ya ule mti wa mkaratusi uliowekwa kuwa mtambaa wa panya. Aliyekuwa juu yake hakupita.

Mti ulinipata kifuani na nikaukumbatia. Kipenga kiliruka hatimaye, baada ya kazi kwisha. Uwanja ukanyamaza, nami nikajikuta ninaning'inia kwa mikono miwili, miguu ikielea, fulana ya jimu ikiwaelekea watazamaji wote. Tabia ya kazi ni mbaya: mwili ulipotambua chuma cha kujivutia, ukaanza kujivuta. Mtoto mmoja nyuma ya goli akahesabu kwa sauti kubwa, "Moja!" Watu wote wakasubiri ya pili. Ninavyojua mimi, wanaisubiri mpaka leo, kwa sababu mkaratusi ulikatika.

Yaliyobaki ni machache. Mwamuzi, akiona hana tena mechi ya kuchezesha, alipuliza mara mbili kuashiria mapumziko, na Sultani, aliyekuwa ameshafika kwenye shamba la mihogo, akasimama palepale, akageuka, akarudi akitembea kumtafuta mwenye karoti. Kuna waliopiga kelele kwamba ana kichaa kwa sababu ya povu jeupe shingoni na mapajani, lakini lile ni jasho tu: jasho la farasi lina protini iitwayo latherini, ambayo hulifanya litoe povu kama sabuni ili lisambae kwenye manyoya na kumpoza. Mzee aliweka vidole chini ya taya la Sultani akahesabu. Mapigo yalikuwa yameshuka chini ya 64, kiwango ambacho farasi wa mbio za masafa marefu hutakiwa kukifikia mbele ya daktari wa mifugo kabla ya kuruhusiwa kuendelea. Kisha akaushika mkono wangu, akatazama ile saa yangu ya mazoezi iliyokuwa ikionyesha 171, akasema, "Mwalimu, wewe ungeondolewa mashindanoni."

Mkaratusi nimeulipa. Mbavu hazijavunjika, zimekasirika tu. Mwenye zizi aliniambia sentensi mbili, na ya pili siiandiki hapa kwa kuwa shangazi zangu wanasoma. Sultani anaendelea na vipindi vyake kwenye nyasi zilezile siku zisizo na mechi, akipandwa na binti wa kilo 50, na ishara sasa ni Mzee kubofya ulimi.

Kuhusu bao, ambalo ndilo mnalobishania zaidi, sheria za mpira ziko wazi: mchezo ulikuwa umeshasimamishwa kwa rafu na adhabu ilikuwa haijapigwa, kwa hiyo hakuna bao, na mchezo huanzishwa upya kwa adhabu ileile. Vijana wa bodaboda hawakubali. Wamepeleka malalamiko kwa mwalimu mkuu wa shule ile wakidai farasi alikuwa mchezaji wao wa akiba, na wameniandika mimi kuwa shahidi wao. Nitakwenda, mbavu zikiniruhusu, japo kwa jambo moja tu: swahiba wangu anawaambia watu kwamba lilikuwa bao la kichwa, ilhali ulikuwa mguu wa mbele wa kushoto.