Paka, halafu acha ikae

Hivi wakuu vumbi la Dar linatokaga wapi? Nimefunga madirisha, nimefunga mlango, nimesokomeza na tambara chini ya mlango kama mtu anayezuia nyoka, asubuhi naamka napitisha kidole juu ya sabufa naweza kuandika jina langu, la baba na la kijiji alichotoka babu, na nafasi inabaki.

Ila haya yote ya kubaki nasafisha nyumba wiki nzima yaliletwa na mdomo wangu. Tulikuwa tumekaa na mashemeji nyumbani hapa Tabata, nimeshiba, nimeegemea kochi, nikasema kwa sauti ya mtu mwenye nyumba, kazi za ndani bwana nusu saa tu zimeisha, nyie wanawake mnazikuza. Mashemeji wakacheka. Mama watoto hakujibu kitu, akaendelea kukusanya sahani. Ningekuwa na akili ningeogopa pale pale, maana mke akijibu umepona, akinyamaza ujue anapanga.

Wiki iliyofuata mdogo wake akajifungua huko Korogwe. Mama watoto akapakia begi, akambeba mtoto wetu mdogo mgongoni, akaniambia mlangoni, "naenda wiki moja tu kumsaidia mdogo wangu, nyumba si nusu saa? Haya baba." Na dada wa kazi nae siku hiyohiyo akaniambia shangazi yake anaumwa. Huyu shangazi ana ugonjwa unaofuata kalenda, mshahara ukitoka tu shangazi hoi. Nikabaki mimi na kijana wangu wa darasa la tatu, ambae anachukua simu yangu mimi mwenyewe kumrekodia mama yake sauti za kunichongea.

Kusema ukweli mara ya mwisho kushika ufagio kwa moyo ilikuwa 9 Desemba 2015, ile siku Magufuli alifuta sherehe za Uhuru akasema nchi nzima tufanye usafi. Nilifagia mtaro mzima mbele ya ofisi, nimevaa glavu, picha ninayo mpaka leo. Ndani kwangu sijawahi kufagia kwa moyo ule kwa sababu hakuna wa kunipiga picha.

Basi siku ya kwanza nikaanza na sakafu, sababu ndo kubwa, ukiimaliza si umeshamaliza nusu ya nyumba? Nikajaza ndoo maji, nikamwagia pakiti zima la sabuni ya unga ili pang'ae, nikachukua dekio bila kulikamua, nikaanzia mlangoni kwenda ndani. Nimefika ukutani kule mwisho nageuka, bahari. Nimezungukwa na povu kila upande kama mkazi wa bonde la Jangwani mafuriko ya mwezi wa nne, mlango nauona kule ng'ambo, ndala zangu ziko ng'ambo, chai yangu iko ng'ambo. Nikasema nivuke taratibu. Hatua ya pili mguu mmoja ulienda sebuleni mwingine ukaenda jikoni, na mimi nikabaki katikati nimekaa kitako namsikia kijana anarekodi, "mama, baba ameanguka, ila anacheka." Sikuwa nacheka.

Kusuuza lile povu nilitumia ndoo tisa, na wiki hiyo maji yalikuwa ya mgao. Na pakikauka unadhani ndo basi? Sakafu inanata, ukitembea ndala zinalia kwacha kwacha unajua kabisa mwenye nyumba anaelekea wapi.

Nikampigia mama watoto simu. Nikaulizwa swali moja tu, "ulianzia wapi?" Nikasema chini. Kimya. Halafu akanieleza taratibu kama anaongea na mgonjwa, kwamba nyumba inasafishwa kuanzia juu kushuka, unatoa utando wa buibui darini, unakuja kwenye pangaboi, unakuja madirishani, unafuta meza na kabati, vumbi lote likishashuka chini ndo unafagia, ukishafagia ndo unapiga deki, unaanzia chumba cha ndani unarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, sabuni kiganja kimoja tu, na dekio unalikamua mpaka lilie. Nikauliza mbona hukuniambia mapema. Akasema, "si nusu saa, nikadhani hutakuwa na muda wa kunisikiliza."

Pangaboi sasa. Mwenzangu hebu simama kwenye kiti uliangalie pangaboi lako kwa juu, usiangalie kwa chini, kwa chini linakudanganya. Juu pale kuna manyoya utadhani linafugwa. Nikawaza, kwanini nihangaike na tambara wakati kitu kina mota yake? Nikaliwasha namba tano lijikung'ute lenyewe. Aisee. Lilikung'uta. Lilikung'utia kochi, lilikung'utia chai, lilikung'utia sakafu niliyoisuuza kwa ndoo tisa, na kipande kimoja kikubwa kama panya kilinitua mdomoni wakati nasema "ona sasa". Njia ya watu wenye akili nimekuja kuambiwa baadae, unachukua foronya kuukuu, unalivisha panga moja moja kama unamvisha mtoto soksi, unabana kwa mikono miwili unavuta kuja kwako, uchafu wote unabaki ndani ya foronya, unaenda kuikung'uta nje. Sekunde kumi kwa panga. Nilihuzunika sana.

Jikoni nako kulikuwa na sufuria. Niliunguza ubwabwa Jumanne, ukoko ukashika mpaka ukawa na rangi ya lami. Nikachukua stiliwaya nikasugua mpaka kucha zikalainika, sufuria haijali. Nikasema we si mbishi, nikaijaza jiki nikaenda kulala. Asubuhi ukoko upo palepale umekaa zake, ila sufuria lenyewe la aluminiamu ndo limebadilika rangi, limefubaa na mabaka meusi, na lilikuwa lile analopikia wageni.

Nikatoka nalo uani nimelikumbatia. Kuna bibi mmoja jirani, mtu wa Tanga, anakaaga kwenye mkeka chini ya mwembe anaona kila kinachoendelea mtaani. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, mbona umelibeba sufuria kama maiti?" Nikamweleza. Akalishika akaligeuza, akasema, "sasa wewe wapigana nalo lina nini? Tia maji yafunike huo ukoko, lirudishe motoni lichemke na sabuni kidogo, epua, funika, acha ikae." Nikauliza ikae mpaka lini. "Mpaka ulisahau."

Nikafanya, nikaenda kuangalia mpira, narudi naingiza mwiko ukoko unabanduka wenyewe kama kibandiko. Ule weusi wa jiki bibi akasema chemsha maji na ndimu humohumo, na kweli ulipungua, haukuisha lakini kwa taa ya jikoni kwetu huuoni. Na majivu! Bibi ananiambia mafuta sugu kwenye vyombo wao wanasugua kwa majivu laini yaliyochekechwa, yanakata mafuta kama sabuni, na sufuria la kupikia kwenye kuni unalipaka nje majivu yaliyolowa au sabuni ya mche kabla hujalibandika, ukiliosha masizi yanatoka yote pamoja na ile sabuni. Mi miaka yote nadhani wale kinamama kwenye shughuli wanapaka sufuria kwa ajili ya mila.

Kuanzia hapo nikaona nimeshaijua siri. Kila ninachouliza jibu ni lilelile. Ukuta nyuma ya jiko la gesi umeganda mafuta? Maji ya moto na sabuni, paka, acha ikae dakika kumi, futa. Friji ina barafu? Izime, fungua mlango, weka sufuria la maji ya moto ndani, acha ikae. Nikasema kumbe usafi ni kukaa! Kukaa si ndo kipaji changu? Mi nimekaa tangu 2015.

Tatizo langu ni kwamba najua kukaa, kusubiri ndo siwezi. Ile friji niliisubiri dakika nne. Nikaona barafu inanichelewesha, nikachukua kisu cha nyama nikaanza kuchokonoa. Kipande kimoja kikatoka, nikafurahi. Cha pili, pssssss. Sauti ndogo tu hivi, kama mtu anakuita kwa siri. Nikaziba kwa kidole. Wakuu nilikaa na kidole ndani ya friji robo saa nzima, nafikiria maisha, kijana ananiuliza baba unafanya nini namwambia napima baridi. Fundi alipokuja akaangalia friji, akaniangalia mimi, "bosi ulichokonoa na kisu?" Nikamwambia hapana, iliharibika yenyewe. Akainama akatoa kisu kwenye droo ya mboga. Bei aliyonitajia siiandiki hapa, mama watoto anaweza kusoma.

Bafuni ndo usiseme. Maji ya kisima chetu yana chumvi, ukioga bila kujisuuza na maji ya dumu unaweza kukaushwa ukauzwa kama ng'onda. Bomba la mvua lilikuwa limeziba matundu yote yamebaki mawili, moja linarusha ukutani, lingine linakulenga jicho. Bibi akasema hiyo chumvi iliyoganda inaogopa uchachu, tafuta siki, lichovye, acha ikae usiku mzima. Sasa bomba liko juu utalichovyaje? Mtu wa kazini akaniambia funga kimfuko chenye siki kwenye kichwa cha bomba, mifuko ya plastiki nayo si ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, nikaangaza nikaona glavu zangu za Magufuli. Nikajaza moja siki, nikaivalisha bomba, nikaikaza na mpira wa nywele wa mama watoto, nikaenda kulala nimejipongeza.

Saa nane usiku kijana ameamka kwenda kukojoa, anafungua mlango wa bafuni gizani, anakutana na mkono wa mtu umening'inia juu, umevimba, unadondosha maji. Ile kelele ilifika kwa bibi. Watu walitoka na mapanga. Nimesimama barazani na msuli nawaelezea mtaa mzima habari za siki na chumvi saa nane usiku, hakuna aliyenielewa, mzee mmoja akasema tu "poleni, tutamleta shehe asubuhi." Lakini asubuhi nimefungua bomba, matundu yote yanapiga, maji yanashuka kama mvua ya masika. Koki nikazifunga tambara lililolowa siki saa moja, zikang'aa. Sijawahi kuoga kwa furaha vile, ingawa niliogea peke yangu, kijana anaogea uani mpaka leo.

Hapa kwenye choo nawaomba tuache utani kidogo. Choo kilikuwa na ile michirizi ya njano, nikaona dawa ya choo yenye asidi peke yake haina nguvu, nikamiminia na jiki juu yake, nikidhani mbili zitasaidiana. Hazisaidiani hizo. Ulitoka mvuke unakaba koo, macho yanawaka, nikatoka nje nakohoa nimejishika ukuta, nikaacha mlango na madirisha wazi mpaka jioni. Jiki usiichanganye na dawa ya choo, wala siki, wala ndimu, wala ile ya madirisha yenye amonia, inatoa gesi inayoua watu. Jiki inachanganywa na maji basi, ya baridi. Tena tumia moja leo, flashi vizuri, nyingine siku nyingine. Hiyo sikuambiwa na bibi wala mke, nimeambiwa na mapafu.

Madirisha nilifuta haraka, vioo vyenyewe ni maji na siki kidogo halafu unakausha na gazeti, ila gazeti nani analo siku hizi? Wote tunasomea kwenye simu, sasa nifute kioo na simu? Nikaenda kwa muuza maandazi nikaomba gazeti, akaniuzia na maandazi. Ile njia ya chini dirisha linapoteleza ndo kuna shamba la mchanga, pale mswaki wa zamani tu. Niliutumia mswaki. Uzamani wake niligundua baadae kwamba haukuwa wa kutosha, kijana ananiuliza mswaki wangu uko wapi.

Jumamosi saa moja usiku nimebakiza sebule tu, nimeshika ufagio, bibi ananiona dirishani anapiga ukelele, "usifagie usiku mwanangu, wafukuza riziki!" Nikamwambia bibi riziki yangu yote anayo fundi friji.

Jumapili nyumba ikakaa sawa. Sakafu hainati, pangaboi jeupe, koki zinang'aa, hata mende nyuma ya friji wamehama, nadhani kwa sababu friji haina baridi wala chakula. Nikapiga picha kila chumba, kama thelathini hivi, nikamtumia mama watoto moja baada ya nyingine, na ya bafuni nikaituma mara mbili. Nikaandika chini, "nusu saa."

Akakaa kimya. Ule ukimya naufahamu. Halafu ikaingia sauti, kwa nyuma kichanga kinalia, wanawake wanacheka, naye anaongea kwa upole kabisa.

"Hongera baba, nimefurahi mno. Nilikuwa na wasiwasi na nyumba ndo maana nikasema wiki moja, ila naona unaweza kabisa. Basi kwa vile mdogo wangu bado hajapata nguvu, wacha nisubiri mpaka arobaini yake itimie. Acha nikae."